Kodi ya Nyumba ya Pili

Mwenye nyumba wetu wa Bertrams, hapa Johannesburg, alikuja Jumamosi asubuhi, akakaa jikoni bila kuvua kofia, akasema anauza. Ni mzee wa Kireno, mkewe alishafariki, na mwanawe alikuwa anamwita Durban akaishi naye. Alisema sisi ndio wa kwanza kuambiwa kwa sababu tumekaa pale miaka mingi na hatujawahi kumsumbua. Hilo lilikuwa kweli, ingawa yeye alitusumbua sana kwa bomba lake la bafuni. Akataja bei, akamaliza chai yangu, akatupa muda mpaka mwisho wa mwezi unaofuata. Tusipotaka, ataita dalali.

Alipotoka, mume wangu alisimama mlangoni kwa muda, mkono juu ya kitasa. Kisha akaanza kupita chumba kwa chumba akigusa kuta, kuta zile zile alizokuwa akizilalamikia unyevu kila majira ya baridi. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema hatafuti kitu, anaangalia tu.

Yeye ni mtu wa Johannesburg, kazaliwa hapa hapa. Aliondoka kijana, wakati wa makaburu, akavuka mpaka kwa miguu, akazunguka nchi za watu mpaka akafika kwetu Morogoro, kwenye makazi ya wakimbizi wa Afrika Kusini nje ya mji. Alifundisha hesabu katika shule yao. Mimi nilikuwa fundi cherehani mjini na nilishona sare za shule hiyo. Tulijuana siku aliyokuja dukani kulalamika kwamba suruali za wanafunzi wake ni fupi. Nikamwambia suruali hazina tatizo, wanafunzi wake ndio warefu. Alicheka, akarudi wiki iliyofuata bila suruali yoyote ya kulalamikia.

Wakati wa uchumba wetu alikuwa akikaa uani kwetu Jumapili, anachukua kijiti, ananichorea mitaa ya Johannesburg kwenye udongo. Hapa stesheni, hapa sokoni, hapa alipokuwa anakaa mama yake. Mama yangu alikuwa akipita na ufagio, anafagia juu ya Johannesburg yote bila habari, na yeye anaanza kuchora upya. Niliijua mitaa ya mji huu kabla sijauona, na kila alipoichora niliogopa. Mtu anayechora kwao namna ile, hakai.

Walipofunguliwa njia ya kurudi, alirudi, nami nikaja naye na binti yetu akiwa mdogo. Tangu hapo tumepanga. Kwanza flati Doornfontein, ghorofa ambayo lifti yake ilikufa tukiwa bado tunaizoea, halafu nyumba hii ya Bertrams. Ni nusu ya nyumba kwa kweli, maana ukuta mmoja tunashirikiana na jirani, na uwanja wa mpira uko karibu kiasi kwamba siku za mechi hatuhitaji redio. Alifundisha mpaka akastaafu. Sasa amepita miaka sabini na hajawahi kulipia tofali lililo lake. Kwa hiyo nilipomwona anagusa kuta, sikumcheka.

Mimi nina nyumba. Iko Morogoro, upande wa kwenda milimani, vyumba vitatu na kibaraza. Nilianza kuijenga na pesa za sare za shule, nikaimalizia nikiwa huku na pesa za mapazia. Mama yangu aliishi humo mpaka alipofariki, na sasa anakaa mdogo wangu, mjane, na kuku wake ambao ukimpigia simu unawasikia kabla hujamsikia yeye. Hati ina jina langu.

Niseme wazi nyumba ile ilikuwa nini kwangu. Ilikuwa mlango wa nyuma. Mji huu umenilisha, una marafiki zangu na kazi yangu, lakini ipo miaka ambayo watu walianza kusema wageni waondoke, na hawakuishia kusema. Maduka yalivunjwa. Watu walisimamishwa barabarani wakaulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu, na asiyejua alikiona cha moto. Nililifanyia neno hilo mazoezi mbele ya kioo, mimi mama mzima, nikijigusa kiwiko. Miaka ile nilipanga sanduku dogo: nguo kidogo, vyeti, hati ya Morogoro, mkasi wangu mzuri. Vurugu zilipita, zikarudi, zikapita. Sanduku lilibaki chini ya kabati la nguo. Nilipolifikiria nililala vizuri zaidi, kwa sababu nilijua liko na nilijua linakwenda wapi.

Hata mapazia yetu yalikuwa ya mtu wa kupita. Mimi nina chumba cha kazi Doornfontein, nashona mapazia ya watu, mapazia mazito yenye bitana na mikunjo ya kupendeza, ya nyumba ambazo sitakaa kamwe. Yangu hayakuwa na bitana. Bitana inakula kitambaa, inakula muda, na ukihama, dirisha jipya halilingani na la zamani. Wateja walipokuja nyumbani nilikuwa nawakalisha chumba cha nyuma ili wasiyaone.

Basi tulipiga hesabu. Akiba yetu, pamoja na kile alichopata alipostaafu, ilitosha bei ya mzee wa Kireno, na kilibaki kidogo cha wakili. Tulikuwa tumekaa mezani tunafurahi, kwa tahadhari, wakati binti yetu alipopiga simu.

Binti ni muuguzi Uingereza. Mwaka mmoja kabla ya hapo yeye na mumewe walikuwa wamenunua nyumba yenye bustani, na wakaamua wasiuze ile flati yao ya kwanza, waipangishe. Serikali ya kule ikawatoza kodi ya ununuzi ya kawaida, na juu yake nyingine, ya kuwa unanunua nyumba huku una nyingine. Ilimuuma mpaka leo akiitaja sauti inabadilika. Alipotusikia tunazungumzia kununua, hakutupa hongera kwanza. Aliuliza, na ya Morogoro je? Akasema kule hawaulizi una nyumba mtaa huu au mji huu, wanauliza popote duniani. Akatuonya tusije tukadhani nyumba ya Morogoro iko mbali kiasi cha kutohesabiwa.

Simu ilipokatika mume wangu alipitisha kalamu juu ya hesabu zetu. Kisha akasema, "Basi ya Morogoro tuiuze kwanza."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayependekeza tuuze friji. Nikamwambia hiyo ni Uingereza. Akasema sheria za hapa nyingi walizileta Waingereza, makaburu wakaongeza zao, na serikali zote zinapenda kodi. Nikamwambia aulize basi. Akasema atauliza.

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, na sikushtuka. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Ukimwambia mvua inanyesha, anatoa mkono dirishani kwanza. Risiti ya sokoni anaijumlisha upya. Lakini jambo hili alilimeza zima. Baada ya siku chache nilimuuliza kama ameuliza, akasema amempigia wakili aliyetajwa na mzee wa Kireno, huyo ndiye atakayehamisha hati. Nikauliza, anasemaje? Akasema mambo ni yale yale, afadhali tuwe na nyumba moja tunapokwenda kusaini. Akarudi kwenye gazeti lake.

Kwa kuwa sikuridhika, nilipeleka swali saluni. Jirani na chumba changu cha kazi kuna saluni ya mama mmoja wa Lubumbashi, na pale utapata sheria ya nchi yoyote unayotaka, tena bure, kichwa chako kikiwa mikononi mwa mtu. Kijana wa Burundi anayelinda ghorofa letu alisema kwao unaandikisha kwa jina la mtoto na mambo yamekwisha. Dada wa Kenya aliyekuwa anasukwa alisema kwao unalipia stempu, nyumba ya kwanza na ya kumi sawasawa, na akashangaa kwa nini tunamwangalia yeye kama ndiye aliyeitunga. Mwenye saluni alicheka mpaka akaacha kusuka.

"Kwetu, mama, habakuulizaka kodi," alisema. "Banakuuliza uko mutoto ya nani."

Hakuna aliyejua sheria ya hapa. Sote tulikuwa tumekaa mji huu miaka, tunalipa umeme wake, tunasimama kwenye robot zake, yaani taa za barabarani, na kila mmoja bado anatembea na sheria za kwao mfukoni. Mimi nilikuwa nimebeba za Uingereza, ambako sijawahi hata kwenda kutembea.

Nilikubali kuuza. Nataka nieleze vizuri kwa nini, kwa sababu si kwamba nilishindwa maneno. Jioni moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta amepiga magoti kwenye kibaraza cha mbele na futi yangu ya kushonea, anapima. Nikamuuliza anapima nini. Alitaka kuweka benchi pale, la saruji, lisilohamishika. Aliona aibu kidogo kukutwa. Nikawaza, huyu mtu alikuwa akichora mji huu kwa kijiti kwenye ua wa watu, na sasa kilichobaki kati yake na benchi lake ni nyumba yangu. Niliingia ndani nikapika. Kesho yake nikampigia mdogo wangu.

Nililia siku ile, nikiwa nimekaa nyuma ya cherehani na mlango nimeufunga. Nilimlilia mama, nikailia pesa ya kila bati, na nikajililia mimi. Mdogo wangu hakulia. Nilisikia kuku wake, kisha akauliza, "Dada, na mimi niende wapi?" Nikamwambia nitampa fungu lake, ataenda Dar kwa mwanawe. Akasema sawa, kwa namna ile ya kusema sawa ambayo afadhali mtu angekutukana. Baada ya wiki mbili akapata mnunuzi, mwalimu wa shule ya karibu, mtu mwenye adabu zake. Kilichokuwa kinatakiwa ni karatasi yangu ya kumpa mdogo wangu mamlaka ya kuuza kwa niaba yangu, iliyosainiwa mbele ya wakili. Niliiandaa, nikaitia kwenye mkoba. Kwa kuwa tulikuwa tunakwenda kwa wakili siku chache zijazo, nikaona nimalize yote mara moja.

Ofisi ya wakili iko Newtown, ghorofa ya pili, madirisha makubwa yasiyo na pazia hata moja. Nililiona hilo kabla sijamwona mwenyewe. Ni binti wa umri wa binti yetu, kavaa viatu vya raba na suti nzuri, anatuita Mama na Baba, anazungumza Kiingereza taratibu kwa ajili yangu mpaka alipogundua sihitaji. Alituomba vitambulisho, akaomba kitu chenye jina letu na anwani, tukampa bili ya maji. Akaomba cheti cha ndoa. Nilimpa kile cha Morogoro, kimekunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe.

Alikisoma, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. Alisema kwa kuwa tulioana nje, inabidi ajue mali zetu zinafuata sheria ya nchi gani, na hilo linategemea mume alikuwa na makazi yake ya kudumu wapi siku ya ndoa.

"Namaanisha nyumbani, Baba," alisema. "Siyo ulipokuwa unakaa. Ulipokuwa unahesabu kuwa ni kwako."

Mume wangu hakufikiri. "Johannesburg," alisema. "Hata siku moja haikuwa kwingine."

Wakili aliandika. Akatueleza kwamba basi ndoa yetu inafuata sheria ya hapa, na kwa kuwa hatukuwahi kuandikiana mkataba, kila tulicho nacho ni cha wote wawili, nusu kwa nusu. Nyumba itaandikwa majina yote mawili. Mimi bado nilikuwa kwenye lile jibu. Halikuniudhi. Nililijua tangu enzi za kijiti. Ila sikuwahi kulisikia likisemwa mbele ya mtu, na kuandikwa.

Tulipofika mwisho, kabla ya kusaini, nilitoa ile karatasi yangu ya Morogoro. Nilimwomba binti anishuhudie saini. Mume wangu aliniambia kwa Kiswahili tuifanye siku nyingine, binti ana kazi nyingi. Nilidhani anamwonea huruma. Wakili aliisoma upesi, kwa kuwa ilikuwa fupi, akaniangalia.

"Mama, hii nyumba unaiuza kwa sababu gani?"

Nikamwambia ni kwa ajili ya kodi, ile ya kuwa na nyumba nyingine unaponunua.

Aliweka kalamu chini. "Hapa hakuna kodi hiyo, Mama. Serikali inaangalia bei ya nyumba unayonunua, basi. Haikuulizi una nyingine ngapi. Na bei ya hii yenu iko chini ya kiwango, kwa hiyo kodi ya kuhamisha hati ni sifuri." Kisha akamgeukia mume wangu, bila ubaya wowote. "Nilimweleza Baba haya yote kwenye simu, aliponipigia mara ya kwanza."

Mume wangu alikuwa anaangalia dirisha.

Binti wa watu aligundua kwamba amekanyaga kitu, akaanza kuzungumza haraka. Akaeleza kwamba serikali ya hapa huuliza siku ya kuuza, si siku ya kununua. Kwamba siku tukiuza tutatakiwa kusema tulikuwa tunaishi ipi, na ni nyumba moja tu wanayoikubali kuwa ndiyo makazi ya mtu, hiyo ndiyo inayopewa unafuu. Nilimsikia, lakini kwa mbali. Nilikunja karatasi yangu, nikairudisha kwenye mkoba, nikafunga zipu. Nikamwambia tutarudi kusaini wiki ijayo, na kwamba hajakosea chochote. Nilimshukuru kwa moyo wote. Sauti yangu ilikuwa nzuri kabisa, na mume wangu ananijua vya kutosha kuiogopa sauti hiyo.

Tulishuka ngazi, tukaingia kwenye gari. Anaendesha polepole siku hizi, macho yanamsumbua. Tulipofika kwenye robot ya kwanza ikawa nyekundu, na mikono yake ikabaki juu ya usukani.

"Eish," alisema. Kisha akasema kwa Kiswahili, kile chake cha Morogoro ambacho hajawahi kukiacha, "Niliogopa."

Nikamwacha aendelee.

"Kila wakianza tena huko barabarani, naona unaliangalia lile kabati. Husemi kitu, unaliangalia tu. Nikawaza, mimi nitanunua nyumba nikiwa na miaka hii, halafu siku moja nirudi nikute umechukua sanduku. Nikawaza kama ile nyumba haipo, utabaki."

"Nibaki kwa sababu sina pa kwenda?"

Robot ikawa kijani, wa nyuma wakapiga honi, akaondoa gari vibaya likazimika, akaliwasha tena. Mimi nilikuwa nimeshawaka zamani.

"Mimi nilikushonea suti ya kurudi kwenu," nilimwambia. "Kabla hujaniambia kama utanichukua."

Ni kweli, na nilikuwa sijawahi kuitaja. Ulikuwa mwaka ule redio iliposema wakimbizi wataruhusiwa kurudi. Wenzake walikuwa wanacheza dansi nje ya bweni. Yeye hakuwa amesema lolote kuhusu mimi wala mtoto, na mimi sikuuliza. Nilipanda basi mpaka Dar, nikanunua kitambaa cha kijivu kwa Mhindi niliyemwamini, nikamkatia suti kwa vipimo nilivyokuwa navyo kichwani. Niliiwekea bitana ya hariri. Nilishona kila kishono nikijua labda ninamshonea mtu anayeniacha. Nilifikiri kama anaenda kwao, aende amevaa vizuri. Mama yangu aliniona ninapiga pasi, akaniuliza kama nina akili. Mimi sikuwahi kumfagilia Johannesburg yake. Mama alifagia, mimi nilimwacha achore.

Yote hayo sikumwambia pale kwenye gari. Nilisema ile sentensi moja tu, na alielewa iliyobaki, kwa sababu aliegesha gari pembeni mbele ya duka la matairi na akakaa na uso wake mikononi. Mwenye matairi alikuja kuuliza kama tumepasukiwa. Nikamwambia hapana, tumepumzika.

Nilikasirika wiki nzima. Hasira zangu hazijawahi kufika jikoni, kwa hiyo alikula, lakini alikula na redio. Sikumsamehe kwa kuwa alikuwa mzee, wala kwa kuwa aliteseka ujana wake. Watu wengi waliteseka na hawakuuza nyumba za wake zao. Kilichonikera zaidi ni kwamba angefanikiwa. Ningesaini. Ningekaa Bertrams nikiwa sina kingine, na yeye angekaa kwenye benchi lake la saruji akiamini kwamba nipo kwa kupenda, na angekosa njia ya kujua.

Nilisubiri kuona kama nitalazimika mimi kumpigia mdogo wangu kumwambia habari imegeuka. Sikulazimika. Ilikuwa saa ya chai ya jioni, akaleta simu mezani, akaiweka kwenye spika, akapiga mwenyewe. Mdogo wangu alipokea, akamwamkia, mume wangu akaitikia.

"Shemeji," alisema, "nyumba haiuzwi. Kodi haipo. Ilikuwa haipo tangu mwanzo, na mimi nilijua. Dada yako alikuwa hajui. Mwombe radhi yule mwalimu, na wewe nakuomba radhi."

Upande wa pili kuku walizungumza peke yao kwa muda. Nilidhani mdogo wangu atamsema, na nilikuwa tayari kumwacha amseme. Yeye akauliza tu, "Sasa lile paa la jikoni mnalitengeneza lini? Maana nilikuwa namwachia mwalimu."

Mume wangu alisema Desemba, atakuja mwenyewe kulitengeneza. Mtu ambaye hajawahi kugonga msumari ukaingia. Mdogo wangu anajua hilo, akasema karibu sana shemeji, tutamtafuta na fundi. Nilicheka, na kwa kuwa nilicheka ikabidi nimwongezee chai.

Tulirudi Newtown tukasaini. Wakili hakugusia ya nyuma. Aliniuliza tu, huku akijaza sehemu moja ya anwani, kama barua zangu zitumwe Bertrams au kwingine. Mume wangu aligeuka upande wa dirisha tena, akijifanya haangalii. Nikasema Bertrams. Binti akaandika, akaendelea na sehemu nyingine.

Mzee wa Kireno alikabidhi funguo na bomba lake la bafuni likiwa vile vile. Sanduku bado liko chini ya kabati. Hati ya Morogoro imo ndani, na mkasi nimeutoa kwa sababu nilikuwa nauhitaji. Mume wangu analiona kila anapochukua viatu, na hajasema neno.

Jumapili iliyofuata nilitandaza kitambaa sebuleni, kizito, rangi ya udongo, ambacho mteja mmoja alikiagiza akakighairi. Nilipima madirisha yote ya mbele upya, nikakata kitambaa, kisha nikakata bitana. Nilimwita mume wangu anishikie upande wa pili nipate kuibana kwa pini. Aliushika, akaupima uzito kwa mikono, akauliza kwa nini mapazia ya safari hii ni mazito namna hii.

Nikamwambia ashike vizuri, asilegeze.